Kabla ya Kuhesabu Nyuki, Uliza Moto Uliwaka Lini

Pendekezo la utafiti huja karibu kila mwaka likiwa na sura ileile. Mwanafunzi wa uzamili anataka kwenda kwenye ranchi au hifadhi, alinganishe sehemu iliyochomwa moto na isiyochomwa, au inayolishwa ng'ombe na iliyozungushiwa uzio, ahesabu nyuki na vipepeo wanaotua kwenye maua, kisha atoe hukumu: usimamizi huu unawafaa wachavushaji, ule hauwafai. Swali ni zuri na linahitaji majibu. Kinachonisumbua ni kwamba kazi nyingi za namna hii huharibika mapema mno, kabla mwandishi wake hajanunua hata wavu wa kunasia wadudu, na hakuna hesabu za kompyuta zinazoweza kuziokoa baadaye.

Msimamo wangu niuweke wazi. Miaka miwili ni michache mno kwa mtu anayetaka kuiuliza nyika habari za moto na malisho. Tasnifu ya namna hiyo hupata uzito pale tu inapokaa juu ya jambo refu kuliko yenyewe: viwanja vya majaribio vilivyodumu miongo, daftari la moto lililotunzwa vizuri, au kumbukumbu za wafugaji wanaojua ng'ombe walilala wapi mwaka gani. Bila hayo, mwanafunzi hupima mvua ya mwaka aliojikuta nyikani, halafu akaiita athari ya usimamizi.

Nyika ya Afrika Mashariki haijawahi kukaa bila mwenyewe. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Fiona Marshall na wenzake waliochimba maboma ya kale ya wafugaji katika kaunti ya Narok, Kenya, yaliyokaliwa kati ya miaka 3,700 na 1,550 iliyopita. Samadi ya mazizi yale bado imo ardhini, rutuba yake inapimika, na majani yanayoota juu yake ni tofauti na ya jirani. Zizi lililohamwa kabla ya Kiswahili kuandikwa bado linaamua leo ni mmea gani uote wapi. Kwa hiyo anayesema anakwenda kuchunguza eneo la asili lisiloguswa, ili alilinganishe na lililoguswa, ajiulize kwanza kama hilo la kwanza lipo.

Na anayesimamia leo, awe meneja wa ranchi Laikipia, afisa wa hifadhi Serengeti au mzee wa ukoo Simanjiro, huamua kwa ajili ya majani. Anachoma ili majani makavu yaondoke na mabichi yachipue. Anahamisha mifugo ili malisho yapumzike. Anachoma mapema, unyevu ungalipo, ili moto wa kiangazi usije ukamshinda. Sijapata kumsikia anayewasha kiberiti akimfikiria nyuki. Maua na wanaoyatembelea hupata kile kilichobaki baada ya uamuzi kufanywa kwa sababu nyingine kabisa, na ndiyo maana utafiti huu una maana: unauliza gharama ambayo hakuna aliyeiweka kwenye hesabu.

Ugumu unaanzia kwenye neno wachavushaji, ambalo tunalitumia kana kwamba ni kundi moja lenye mahitaji mamoja. Duniani kuna zaidi ya spishi 20,000 za nyuki zilizokwisha kupewa majina, na nyuki wa asali tunayemfahamu ni mmoja tu. Wengi wao huishi peke yao. Kila jike hujichimbia shimo lake ardhini, huweka chavua, hutaga na kufukia. Wengine hutumia mabua makavu yenye uwazi ndani, matawi yaliyotobolewa na mbawakawa, au magogo, kama wale nyuki weusi wakubwa wanaotutobolea boriti za paa. Moto wa majani hupita upesi, na udongo ni kinga nzuri, hivyo aliye ardhini sentimita kadhaa chini huenda asijue hata kama kulikuwa na moto. Aliye ndani ya bua ameungua. Aliye kiwavi kwenye majani makavu yaliyolala chini ameungua pia. Na wiki chache baadaye yule wa ardhini hupata neema, kwa kuwa udongo uliobaki wazi ndio anaoupenda kuchimba. Moto uleule, asubuhi ileile, umemwua mmoja na kumjengea mwingine. Mwanafunzi akiwajumlisha wote kwenye safu moja ya jedwali iliyoandikwa "idadi ya wachavushaji," pengine atapata jibu kwamba moto hauna athari. Hesabu zake zitakuwa sahihi na jibu lake litakuwa bure.

Ningependa kila anayeandika pendekezo la aina hii aanze kwa kusoma yaliyofanyika kwenye kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia. Mwaka 1995 Truman Young na wenzake walianzisha pale jaribio la nyuzio ambalo bado linaendelea. Kuna viwanja 18, kila kimoja hekta 4, kwenye udongo mweusi ule ambao mvua ikinyesha gari halitoki. Nyuzio zimetengenezwa ili kuruhusu au kuzuia makundi matatu: ng'ombe, wanyamapori wa wastani kama pundamilia na swala, na wale wakubwa, tembo na twiga. Michanganyiko ni sita, na kila mmoja umerudiwa mara tatu.

Mti unaotawala pale ni mgunga wa aina moja, Acacia drepanolobium, wenye miiba ambayo baadhi yake imevimba shinani. Upepo ukipita kwenye matundu ya vivimbe hivyo husikika mluzi. Ndani yake wanaishi sisimizi. Spishi nne hugombania miti hiyo, na kwa kawaida mti mmoja hushikwa na spishi moja tu kwa wakati. Hapo ndipo mtafiti wa nyuki anapotakiwa kuweka wavu chini na kutazama kwanza, maana mmoja wa sisimizi hao, Crematogaster nigriceps, hukata machipukizi ya pembeni ya mti anaoukalia, na maua huondoka nayo. Mti alioushika unaweza kuwa kijani, wenye afya, bila ua hata moja, na hatua chache tu kutoka hapo mgunga wa umri uleule ulioshikwa na spishi nyingine ukawa umechanua mweupe tawi hadi tawi.

Sasa ingiza moto. Mwaka 2013 Duncan Kimuyu na wenzake walichoma kwa mpango vipande vidogo ndani ya viwanja hivyo, wakapima joto la moto na vifo vya sisimizi mitini. Mahali ambapo ng'ombe na wanyamapori walikuwa wamekula, moto uliwaka kwa joto la chini na sisimizi wachache zaidi walikufa. Mahali ambapo uzio ulikuwa umewazuia walaji, majani yalikuwa yamerundikana na moto ukawa mkali. Ongeza na matokeo ya Todd Palmer na wenzake, yaliyotoka katika jarida la Science mwaka 2008: migunga iliyofungiwa mbali na wanyama wakubwa ilipunguza mbochi wa kuwalisha sisimizi walinzi na vivimbe vya kuwalaza, walinzi wakadhoofika, na spishi isiyotegemea vivimbe ikatwaa miti.

Fuata mnyororo huo polepole. Ng'ombe amekula majani. Kwa kuwa amekula, moto umepoa. Kwa kuwa umepoa, sisimizi fulani wamebaki na mti wao. Na sisimizi aliyebaki ndiye anayeamua kama mti huo utatoa maua. Nyuki anakuja mwisho kabisa. Mwanafunzi anayefika na wavu, akahesabu nyuki kwenye kiwanja chenye ng'ombe na kwenye kisicho na ng'ombe, ameona pete ya mwisho ya mnyororo, na akiandika kwamba ng'ombe wanawafaa au wanawadhuru nyuki, hajasema uongo lakini hajajua anachokisema. Angekuwa amejaza kwenye fomu yake safu moja zaidi, ya spishi ya sisimizi aliyeukalia kila mti, kazi ileile ingekuwa na maelezo. Safu hiyo haigharimu chochote. Unagonga tawi, wanatoka, unawatazama rangi na namna wanavyobeba matumbo yao, unaandika. (Na unaumwa, hilo nalo ni sehemu ya shahada.)

Jambo la pili ambalo wanafunzi wengi hulipita ni saa. Miaka ya 1990, Mkomazi ingali pori la akiba, Graham Stone, Pat Willmer na wenzao walikaa kwenye migunga ya huko kaskazini mashariki mwa Tanzania wakifuatilia ni saa ngapi maua yanatoa chavua. Waligundua kwamba spishi za migunga zinazochanua msimu mmoja, mahali pamoja, hazitoi chavua kwa wakati mmoja. Moja hufungua asubuhi, nyingine karibu na adhuhuri, nyingine jua limeshapinda, na nyuki huhama kutoka mti hadi mti kwa kufuata ratiba hiyo. Miti inagawana siku. Faida yake ni kwamba chavua ya mgunga mmoja haipotei bure kwenye ua la mgunga mwingine.

Hao hao Willmer na Stone walieleza mwaka 1997, katika Nature, kitendawili cha mgunga wenye walinzi: ikiwa sisimizi hushambulia kila kinachogusa mti, nyuki anatuaje? Kwenye Acacia zanzibarica waliona kwamba ua jipya, wakati chavua yake inapotoka, hutoa kemikali inayowafukuza sisimizi kwa muda. Nyuki hupata nafasi yake. Baadaye kemikali huisha, sisimizi hurudi kuzunguka, na mbegu zinazoanza kujitunga hulindwa. Mlango umefunguliwa kwa saa kadhaa tu, basi.

Sasa mtazame mwanafunzi wetu. Kambi iko mbali, gari ni la kushirikiana, askari wa wanyamapori wa kumsindikiza anaanza kazi saa mbili. Anafika kwenye kiwanja kilichochomwa saa tatu asubuhi, anahesabu, anapakia vifaa, anafika kwenye kisichochomwa saa sita na nusu. Kesho anarudia vilevile, kwa sababu barabara ni ileile na kiwanja cha kwanza ndicho kilicho karibu. Mwisho wa msimu ana mamia ya mistari ya takwimu inayolinganisha asubuhi na adhuhuri. Kazi yake haina neno lolote kuhusu moto. Nimesoma tasnifu za namna hiyo, zimefungwa kwa jalada gumu, na saa hazikuandikwa popote. Kubadilisha zamu ya viwanja ni jambo dogo, lakini lazima lipangwe na dereva kabla ya msimu, na ndiyo maana nasema utafiti huu hushinda au hushindwa kwenye mipango ya gari.

Kisha kuna bakuli. Kwa asiyezijua: ni bakuli ndogo za plastiki zilizopakwa rangi ya bluu, njano na nyeupe, zikajazwa maji yenye tone la sabuni na kuachwa nyikani kutwa. Mdudu hudhani ni ua, hutua, sabuni imeondoa utando wa juu wa maji, huzama. Bei yake ni ndogo, hazihitaji ustadi, na jioni mwanafunzi anarudi na vielelezo tele. Nani asizipende? Tatizo ni kwamba hunasa zaidi nyuki wadogo wa familia ya Halictidae, na huwakosa wakubwa ambao unawaona kwa macho wakipita juu yake. Kibaya zaidi, hushindana na maua halisi. Maua yakiwa mengi, bakuli haimvutii mdudu. Maua yakiisha, bakuli ndilo ua pekee linaloonekana. Kwa hiyo kiwanja kilichoungua juzi, kisicho na ua hata moja, kinaweza kutoa nyuki wengi kwenye bakuli kuliko kiwanja kilichojaa maua, na mwandishi akahitimisha kwamba moto umewaongeza. Mwaka 2020 Portman, Bruninga-Socolar na Cariveau waliandika makala wakiwasihi watafiti wa Marekani waache kuzitegemea bakuli kama kipimo cha hali ya nyuki. Sisi tunaendelea kuziagiza. Sisemi zitupwe, zinafaa kwa kuorodhesha wanaopatikana mahali. Lakini kulinganisha viwanja vyenye maua tofauti kwa kutumia bakuli peke yake ni kosa ambalo mtahini wa nje asingepaswa kulipitisha.

Kuhusu idadi ya marudio nitasema kwa ufupi, maana Stuart Hurlbert alishasema yote mwaka 1984. Moto mmoja mkubwa uliounguza upande mmoja wa ranchi ni moto mmoja. Ukiweka vituo arobaini vya kuhesabia ndani yake na arobaini nje yake, bado una moto mmoja. Vituo hivyo vinakueleza tofauti kati ya upande huu na ule, na tofauti hiyo inaweza kuwa ya udongo, ya mteremko, ya kisima kilicho karibu. Ndiyo faida kubwa ya viwanja kama vya Mpala: mtu mwingine alishakulipia marudio matatu ya kila mchanganyiko miaka 30 iliyopita.

Zaidi ya hayo, mvua haisubiri ratiba ya chuo. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kwenye maeneo makubwa ya Kenya, Somalia na Ethiopia. Mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Niño na mafuriko. Mwanafunzi aliyeanza kazi ya nyikani 2021 na yule aliyeanza 2023 wangeweza kusimama kwenye kiwanja kilekile, na daftari lilelile la moto, wakaandika tasnifu mbili zinazopingana, na wote wawili wakawa wakweli. Maua ya nyika kavu hufuata mvua kwanza. Moto na ng'ombe huja nyuma. Anayetaka kuuona moto nyuma ya mvua anahitaji miaka mingi, na kwa kuwa yeye hana miaka mingi, anahitaji mahali palipokwisha kuwa nayo.

Wamarekani wamebishana habari hizi kwa muda mrefu kuliko sisi, kwa sababu walibakiwa na kidogo cha kubishania. Jimbo la Iowa, ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa mbuga ya majani marefu kabla ya jembe, limebakiza chini ya asilimia 0.1 ya mbuga hiyo. Eneo kubwa lililosalimika liko Flint Hills, Kansas na Oklahoma, na halikusalimika kwa huruma ya mtu. Ardhi ina mawe, jembe lilishindwa. Huko ndiko kuliko Konza, kituo kilichoanzishwa 1971, chenye maeneo yanayochomwa kila mwaka, kila baada ya miaka miwili, minne, na ishirini, pamoja na nyati wa Amerika waliorudishwa mwaka 1987. Wanafunzi wa shahada wamepokezana pale kwa miongo. Kila mmoja alikaa muda mfupi, lakini maeneo hayakuondoka.

Mwaka 2001 Samuel Fuhlendorf na David Engle walitoa hoja iliyobadilisha mjadala wao. Acha kuchoma eneo zima kwa siku moja na kulilisha sawasawa, walisema. Choma kipande, mifugo itakwenda yenyewe kula machipukizi hapo na kuviacha vipande vingine, mwaka ujao choma kipande kingine. Baada ya miaka kadhaa unakuwa na eneo lenye majani mafupi hapa, marefu pale, maua ya mwaka wa kwanza baada ya moto mahali fulani na mabua makavu ya miaka mitatu mahali pengine. Mfugaji wa Kimaasai akisoma hoja hiyo huenda akauliza nini kipya ndani yake. Kuchoma vipande na kufuata machipukizi ni jambo alilolikuta kwa babu zake, kabla sheria ndogo na mipaka ya hifadhi hazijamwondolea kiberiti. Mkomazi yenyewe wafugaji waliondolewa mwaka 1988, na tangu hapo anayechunguza maua ya pale anachunguza nyika iliyokatazwa ng'ombe ambayo zamani ilikuwa nao. Hilo nalo ni usimamizi, hata kama halikuandikwa kwenye kichwa cha tasnifu.

Kwa wachavushaji, faida ya vipande ni rahisi kuelezwa. Mtazame kipepeo wa mbuga za Marekani aitwaye Speyeria idalia. Viwavi wake huanguliwa majira ya kupukutika kwa majani, hawali kitu, hujificha kwenye majani makavu yaliyolala chini wakipitisha baridi yote, na majira ya kuchipua huamka kula mimea ya jamii ya viola. Hifadhi ndogo ikichomwa yote mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kizazi kizima kimeisha. Ikichomwa theluthi moja, theluthi mbili zilizobaki hutuma wahamiaji. Kwa hiyo swali la "moto au hakuna moto" ni swali dogo. La maana zaidi ni kiasi gani kilibaki bila kuungua, na kiko umbali gani. Ron Panzer wa Illinois aliyaona haya alipowachunguza wadudu wa hifadhi ndogo zilizotengwa na mashamba pande zote. Kwetu, ambako nyika bado inaungana na nyika kwa makumi ya kilomita, huenda umbali huo ni mfupi na athari ya moto ikawa ndogo kwa sababu hiyo tu. Lakini nyuzio na mashamba yanaongezeka kila mwaka. Ningekuwa mwanafunzi leo, umbali kutoka kila kituo changu hadi mpaka wa karibu usioungua ungekuwa kipimo changu cha kwanza, na picha za setilaiti za kupimia zinapatikana bila malipo.

Nimalizie na vielelezo, jambo ambalo halina mvuto na ndilo litakalodumu. Mwishoni mwa karne ya 19 Charles Robertson alianza kukusanya wadudu kwenye maua kuzunguka mji wa Carlinville, Illinois, akaandika nani alitua kwenye ua gani, akayatoa kama kitabu mwaka 1928. Miaka ya 1970 John Marlin alirudi mahali palepale. Kisha Laura Burkle na wenzake wakarudi tena, wakafuata maua ya msitu yanayochanua majira ya kuchipua, na mwaka 2013 wakaonyesha katika Science kwamba nusu ya spishi za nyuki waliokuwa kwenye sehemu hiyo ya orodha ya Robertson hawaonekani tena. Hakuna kati yao ambaye angeweza kusema hivyo kama Robertson angekuwa ameandika "nyuki mdogo mweusi, aina ya 3" na kutupa wadudu wake baada ya kumaliza.

Hivyo ndivyo tasnifu zetu nyingi zinavyoandika. Siwalaumu sana wanafunzi. Kuwatambua nyuki wa Afrika ni kazi ngumu. Mwongozo wa Connal Eardley, Michael Kuhlmann na Alain Pauly wa mwaka 2010 unakufikisha kwenye jenasi, na baada ya hapo unahitaji mtaalamu na makumbusho. Lakini kielelezo kilichochomwa pini, chenye lebo ya mahali, tarehe, saa na ua, kikihifadhiwa Makumbusho ya Taifa Nairobi au kwenye mkusanyiko mwingine unaotunzwa, kinaweza kupewa jina baada ya miaka ishirini. Kilichooza kwenye chupa chini ya kitanda cha bweni hakiwezi.

Kwa wasimamizi wa shahada, ombi langu ni hili: msipitishe pendekezo la wachavushaji na moto au malisho lisilotaja eneo litakalotumika lina kumbukumbu za miaka mingapi, mioto huru ni mingapi, kila kiwanja kitatembelewa saa ngapi kwa zamu gani, na vielelezo vitalala wapi. Na kwa mameneja wa ranchi na wahifadhi: mnazo tarehe za kila moto mliowasha na kila moto uliowatoroka, ziko kwenye madaftari ya ofisini na vichwani mwa askari wanaokaribia kustaafu. Zichapeni, pamoja na ramani hata ya mkono, na mpeni mwanafunzi nakala siku anapokuja kujitambulisha. Hamtagharimika zaidi ya bei ya karatasi, na ndicho kitu pekee ambacho hawezi kukikusanya mwenyewe.